Ng'ombe wa cowsay ni ASCII, paka wa emoji siyo

Sanaa ya ASCII ni mchoro unaoundwa kwa herufi na alama za kawaida za kibodi, basi. Mfano wake maarufu kwenye terminali ya Linux, yaani dirisha la kuandikia amri, ni cowsay, programu ya Tony Monroe ya mwaka 1999: unaipa maneno, inakutolea ng'ombe anayeyasema. Kwenye Debian na Ubuntu inasakinishwa kwa `sudo apt install cowsay`, na ukiambiwa amri haipo ilhali umeshaisakinisha, iite kwa njia yake kamili, `/usr/games/cowsay`.

```
 _________
< Hujambo >
 ---------
        \   ^__^
         \  (oo)\_______
            (__)\       )\/\
                ||----w |
                ||     ||
```

Hadi hapo hakuna ugomvi. Ugomvi unaanza pale kila kitu cha kuchekesha kwenye skrini kinapobatizwa "ASCII": sungura wa emoji, herufi za madoido kwenye majina ya wasifu, hata stika za WhatsApp. Hizo zote zina majina yake, na ASCII si mojawapo.

Jina lenyewe, linalotamkwa "aski", ni kifupi cha American Standard Code for Information Interchange, yaani msimbo sanifu wa Marekani wa kubadilishana taarifa. Zile I mbili za mwisho si namba mbili ya Kirumi; hakukuwahi kuwa na ASC ya kwanza. Ni orodha ya herufi na namba zake, na imefungwa: kila namba ina biti 7 (tarakimu za 0 na 1), kwa hiyo nafasi 128 tu. Kuanzia 0 hadi 31, pamoja na 127, ni maagizo kwa mitambo. Kuanzia 32 hadi 126 ni alama 95 zinazochapika, ya kwanza ikiwa nafasi tupu. Kisichomo humo si ASCII, hata kiwe na sura ya kizamani namna gani. Uchoraji kwa herufi wenyewe ni mkongwe kuliko orodha hiyo, maana Flora Stacey alichora kipepeo kwa taipureta mwaka 1898. Kipepeo huyo naye si ASCII.

Mtazame tena ng'ombe hapo juu. Ukiacha nafasi tupu, mwili wake wote ni alama 10: `^ _ ( ) o \ / | - w`. Na hata huyo asingechorwa kwa ASCII ya kwanza ya mwaka 1963. Penye `^` palikuwa na mshale wa kwenda juu, penye `_` mshale wa kwenda kushoto. Herufi ndogo hazikuwamo, wala ule mstari wima wa miguu. Angekosa pembe, mgongo, macho, miguu na kiwele. Alama hizo ziliingia katika toleo la 1967.

Kiswahili sanifu, kwa bahati njema, kinaenea chote ndani ya ASCII, ikiwemo ritifaa ya neno ng'ombe, ambayo ni namba 39. Ila hapo pana mtego. Andika `cowsay ng'ombe` na terminali itakaa kimya na alama ya `>`, kana kwamba imeganda. Haijaganda: bash, programu inayosoma amri zako, imeiona ritifaa kama mwanzo wa nukuu na inasubiri ifungwe. Bonyeza Ctrl+C, kisha andika `cowsay "ng'ombe"`.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani. Ukinakili neno hilo kutoka kwenye programu ya kuandikia barua, ritifaa mara nyingi huwa imeshageuzwa kuwa ile iliyopinda, ’. Hiyo ni alama ya Unicode, orodha pana zaidi ya herufi na alama, na katika UTF-8, njia ya kawaida ya kuihifadhi, inachukua baiti 3. Mashine ikiwa imewekwa `LANG=C`, mpangilio wa lugha usiojua UTF-8, cowsay huweza kuhesabu baiti badala ya herufi, basi ukuta wa kulia wa kiputo cha maneno unaingia ndani safu 2. Kwa emoji kosa linageuka: hata herufi zikihesabiwa sawasawa, emoji nyingi ni herufi moja inayokalia safu 2, kwa hiyo ukuta huweza kusukumwa nje kwa safu moja. Watu huilaumu programu. Tatizo ni kumlisha ng'ombe wa ASCII chakula kisicho cha ASCII.

Akivurugika baada ya kubandikwa WhatsApp, hilo ni suala la fonti, si la msimbo. Ng'ombe huyu anahitaji fonti ambayo kila alama ina upana sawa. Weka alama tatu za ``` kabla na baada yake atasimama vizuri, mradi skrini ienee safu zake 28.

Wanaotaka kumchora mnyama wao wanahitaji faili yenye kiishio `.cow`, kama zile zilizomo `/usr/share/cowsay/cows`. Kila `\` ndani ya mchoro iandikwe mara mbili, maana faili hiyo ni msimbo wa Perl, lugha ya kuandikia programu, na Perl huimeza moja. Kwa sababu hiyohiyo, usiendeshe faili ya `.cow` ya mtu usiyemwamini: inaweza kufanya mengi kuliko kuchora mbuzi. Rangi nazo huongezwa mwisho, kwa programu ya lolcat: `cowsay "Hujambo" | lolcat`. Misimbo ya rangi ikiingia cowsay pamoja na maneno, itahesabiwa kama maneno na kiputo kitapanuka ovyo.

Ukiwa na shaka kama mnyama fulani ni ASCII, mhifadhi kwenye faili, tuseme `mnyama.txt`, kisha:

```
LC_ALL=C grep -n '[^ -~]' mnyama.txt
```

Amri hiyo hutafuta chochote kilicho nje ya zile alama 95. Isiporudisha kitu, ni ASCII. Ikirudisha mstari, na si kwa sababu ya tabo au agizo jingine la mitambo, mnyama bado anapendeza na hakuna haja ya kumfuta. Mwite tu mchoro wa Unicode.