Inzi wa ndizi mbivu hasubiri jua limwamshe

Wale inzi wadogo wenye macho mekundu wanaozengea ndizi zilizoiva jikoni wana saa mwilini, na saa hiyo wengi tunaielewa visivyo. (Siwazungumzii wale wanaotaga mayai ndani ya embe likiwa bado mtini. Hao nao huitwa inzi wa matunda, lakini ni ukoo mwingine kabisa.)

Dhana: Inzi huamka kwa sababu kumekucha.

Hili ndilo kosa kubwa. Wafungie gizani usiku na mchana, joto lisibadilike, na bado watachangamka na kulala kwa mzunguko wa karibu saa 24. Mwaka 1971 Ronald Konopka na Seymour Benzer, wa Taasisi ya Teknolojia ya California, walieleza aina tatu za inzi wa ajabu: wa kwanza siku yao ilikuwa ya saa 19, wa pili saa 28, wa tatu hawakuwa na mpangilio wowote. Hitilafu zote tatu zilikuwa mahali pamoja kwenye kromosomu X (mojawapo ya nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli), katika jeni, yaani kipande cha maelekezo ya urithi, waliyoiita *period*. Jeni hiyo hutengeneza protini inayoongezeka usiku, ikaingia kwenye kiini cha seli na kuizima jeni yenyewe. Protini ikishavunjwavunjwa, jeni huanza kazi upya. Huo mzunguko ndio saa. Jua huisahihisha tu, kama anayesogeza mshale wa saa iliyochelewa. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuufichua. Konopka alikuwa amefariki mwaka 2015, na kwangu habari hii haijakamilika bila jina lake.

Dhana: Saa iko ubongoni peke yake.

Ubongoni ndiko iliko saa kuu, lakini mabawa, miguu na vipapasio navyo vina saa zao.

Dhana: Vizazi vikikaa gizani, saa hupotea.

Katika Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kuna inzi waliofugwa gizani tangu 1954. Walipopimwa baada ya vizazi 1,300 hivi, mdundo wao wa kuchangamka na kutulia ulikuwa ungalipo.

Dhana: Mdudu wa kuishi wiki chache, saa ya nini?

Faida yake huanza siku anapotoka kwenye ganda la pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa inzi kamili. Hutoka alfajiri, hewa ikiwa na unyevunyevu, kwa kuwa mabawa yake bado yamekunjamana na ngozi ni laini. Jua la mchana lingemkausha kabla hajayakunjua. Jina lake la kisayansi, *Drosophila*, maana yake ni mpenda umande. Tena maandalizi ya kutoka huanza giza lingalipo, kwa hiyo anayesubiri kuona mwanga ameshachelewa. Inzi dume ambao jeni za saa zimeharibika huwa na manii kidogo na huzaa watoto wachache. Na pupa aliyekomaa baada ya alfajiri kupita hatoki siku hiyo hata kama yuko tayari. Hutulia humo gandani mpaka alfajiri inayofuata.