Daktari wa yuveitisi si wa matone tu

Wengi hudhani daktari wa yuveitisi, yaani uvimbe wa ndani ya jicho, kazi yake ni kuandikia macho mekundu matone. Sivyo, mtoto mwenye baridi yabisi huweza kuvimba ndani ya jicho bila wekundu wowote. Baada ya shahada ya udaktari na ubingwa wa macho (miaka 3 au zaidi), huongeza ubobezi wa mwaka 1 hadi 2. Huko husoma mwili mzima: kaswende, kifua kikuu, sarkoidosisi (ugonjwa wa vivimbe vidogo kwenye mapafu na viungo vingine). Maambukizi hupimwa kabla ya kushusha kinga kwa dawa kama methotreksati au adalimumabu, la sivyo kifua kikuu kilicholala huweza kuamka. Hata matone ya prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, yana hesabu: ukiyakatiza ghafla uvimbe huweza kurudi, ukiyarefusha huweza kuleta mtoto wa jicho na presha ya jicho.