Uraia wa Kenya Usipitie Kabila

Oktoba 2016 Wamakonde walitoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kudai vitambulisho. Hawakuwa wageni wa juzi. Wazee wao walitoka Msumbiji tangu miaka ya 1930 kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya Pwani, na wajukuu wamezaliwa papa hapa. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, na Februari 2017 vipande, yaani vitambulisho hivyo, vikaanza kutolewa. Wakatangazwa kabila la 43.

Mimi ni mwanasheria wa masuala ya uraia, na siku ile nilifurahi kwa dhati. Bila kipande huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, kwa hiyo hata M-Pesa yako iko mikononi mwa jirani. Mvuvi Mpemba wa Kilifi alikuwa akivua kwa leseni ya mtu mwingine, na akidhulumiwa hana pa kushtaki.

Kinachonisumbua ni njia tuliyowapitishia. Sheria ya uraia ya 2011 ilimruhusu mtu asiye na uraia wa nchi yoyote, aliyeishi Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963, aombe kuandikishwa kuwa raia. Ilitaka ajue Kiswahili au lugha ya wenyeji. Haikumtaka awe na kabila. Ila mbele ya chifu swali la kwanza ni "wewe ni wa wapi, mzee wa ukoo wenu nani?" Asiye na jibu linalotambulika anarudi nyumbani mikono mitupu. Ndiyo maana watu walilazimika kujipanga kikundi kikundi: Wamakonde, kisha Washona waliokuja na kanisa lao kutoka Zimbabwe, kisha Wapemba mwaka 2023. Wapemba, ambao Kiswahili ni lugha ya mama zao! Hata Wakenya wa asili ya Kihindi, wengi wao raia tangu zamani, waliona haja ya kutangazwa kabila la 44 mwaka 2017.

Na ukishapita, hadhi hailingani. Chukua nyumba moja ya Kimakonde. Mama ana cheti cha kuandikishwa, ingawa kazaliwa hapa Kwale. Kifungua mimba, aliyezaliwa kabla ya cheti hicho, naye ni raia wa kuandikishwa. Mdogo wake aliyezaliwa baadaye ni raia wa kuzaliwa, kwa kuwa mama alikuwa tayari raia. Tofauti si ndogo: Ibara ya 17 ya Katiba inataja sababu kadhaa za kumnyang'anya uraia mtu wa kuandikishwa, zikiwemo ambazo haziwezi kumgusa ndugu yake wa tumbo moja.

Dirisha la maombi ya kuandikishwa lilikuwa la miaka mitano, likaongezwa mitatu, likafungwa 2019. Walioachwa nje ni wale wasio na kundi la kuwasemea: familia iliyochanganya damu ya Burundi, Msumbiji na Kenya, isiyo na mwenyekiti wala wimbo wa kuimba Ikulu. Bunge lilifungue tena, bila ukomo wa muda, na mwombaji apimwe kwa maisha aliyoishi hapa.

Wakati tunasubiri, wenye vyeti vya kuandikishwa wasikae: kila mtoto mchanga apatiwe cheti cha kuzaliwa sasa, chenye jina na namba ya kitambulisho cha mzazi aliye raia.