Sensa ya joto la ekzosi haikatwi
Kwa miaka mingi tumeambiwa sensa ya joto la ekzosi (kifaa cha kupima joto la moshi unaotoka kwenye injini) kwenye gari la dizeli ni ya mazingira tu: taa ya injini ikiwaka, ikate. Sivyo. Kompyuta ya gari huitegemea kujua kama moshi umefika karibu nyuzijoto 600, joto la kuchoma masizi yaliyonaswa ndani ya chujio cha moshi. Ukiikata, chujio huziba. Na sensa iliyo kabla ya turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini kwa nguvu ya moshi) huilinda turbo yenyewe isiungue.

Tena taa si lazima imaanishe sensa imekufa. Nakusihi, kabla ya kununua mpya fuata waya wake: huenda waya huo umegusa bomba la moshi ukayeyuka, au soketi ina kutu ya kijani. Ukilazimika kuifungua, pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwanza, maana sensa huganda pale ilipofungwa.