Maandalizi ya timu ya kikapu ya wasichana: anza na kutua, pumzi itafuata

Mchakamchaka wa alfajiri una faida zake, ila hautoshi kumwandaa mchezaji wa kikapu. Mechi ni robo 4 za dakika 10, na humo ndani msichana anakimbia kwa kasi sekunde chache, anasimama ghafla, anageuka, anaruka, anatua, kisha anarudi kulinda. Timu iliyojiandaa kwa kilomita 5 za barabarani huja na pumzi lakini haijui kusimama. Na magoti huumia pale pale kwenye kusimama na kutua.

Wasichana wakishabalehe huumia kano ya katikati ya goti, ile madaktari wanayoiita ACL, mara nyingi zaidi kuliko wavulana wa mchezo huohuo. Kwa kawaida hakuna aliyemgonga. Anatua mguu ukiwa karibu umenyooka, goti linalalia ndani, kano inakatika. Sababu ni kadhaa, na nyingine kocha hana la kuzifanya. Anachoweza kubadilisha ni namna ya kutua, nguvu ya makalio na nguvu ya misuli ya nyuma ya paja. Ndiyo maana katika wiki 6 za kuelekea UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, mimi hutanguliza hayo kabla ya mbinu yoyote.

Fanyeni vipindi 3 kwa wiki, siku ya mapumziko ikiwa katikati, kila kimoja dakika 75 hadi 90, kuanzia saa 10:30 jioni jua likishapoa. Fagieni uwanja kwanza, maana mchanga juu ya zege huteleza vibaya. Dakika 15 za mwanzo hazibadiliki mpaka msimu uishe: kukimbia taratibu, kwenda upandeupande, kuchuchumaa seti 2 za mara 8, kusimama kwa mguu mmoja sekunde 30 kila upande, na kulala chali magoti yamekunjwa ukiinua makalio mara 10. Halafu wawili wawili: mmoja anapiga magoti juu ya mkeka uliokunjwa, mwenzake anamshika vifundo vya miguu, naye anajishusha mbele polepole mgongo ukiwa umenyooka mpaka ashindwe, ajidake kwa mikono. Mara 3 zinatosha wiki ya kwanza. Atakayefanya 10 siku hiyo hatatembea vizuri kesho yake.

Kisha kutua. Tumia benchi imara la sentimita 20 hadi 30. Msichana anashuka bila kuruka, anatua kwa miguu miwili, anatulia sekunde 3. Magoti yaelekee zinakoelekea nyayo, makalio yarudi nyuma, kifua kisilale. Sikiliza pia: anayetua kwa kishindo hajakunja magoti na nyonga vya kutosha, kwa hiyo misuli haikuupokea uzito. Mpige video kwa simu ukiwa mbele yake, simu ikiwa kwenye kimo cha goti, kisha mwonyeshe hapohapo. Ukimwambia tu kwamba goti linaingia ndani hataamini.

Hesabu miruko yote ya kipindi. Anza na 60, fika 100 wiki ya 4. Ukizidisha haraka juu ya zege, ugoko utaanza kuuma upande wa ndani, na dawa yake ni kupunguza mzigo. Kuchua na kuendelea kunaongeza tatizo. Kwa sababu hiyohiyo, adhabu ya kuruka kichura iachwe kabisa. Ni miruko isiyohesabiwa, kwa miguu iliyochoka, magoti yamekunjwa hadi mwisho.

Shule nyingi huchota wachezaji wa kikapu kutoka netiboli, na hao wanahitaji uangalizi wao. Wanadaka vizuri sana na wanaona nafasi. Lakini wamezoea kudaka na kuganda papo hapo, mara nyingi kwa mguu mmoja. Wafundishe kusimama kwa miguu miwili kwa pamoja, magoti yamekunjwa: ni salama zaidi kwa goti, na kwenye kikapu kunampa uhuru wa kuchagua mguu wowote uwe mhimili wa kugeukia. Baada ya hapo ndipo waongeze kudunda kwa mkono dhaifu, dakika 5 kila kipindi. Wape mpira namba 6, mzingo wa sentimita 72 hivi. Namba 7 huwafanya warushe kutoka kiunoni, na tabia hiyo ni ngumu kuing'oa.

Pumzi huanza wiki ya 3, ndani ya uwanja. Kutoka mstari wa mwisho, kimbia hadi mstari wa mtupo huru na kurudi, katikati na kurudi, mstari huru wa mbali na kurudi, mwisho wa uwanja na kurudi. Kwenye uwanja wa mita 28 hiyo ni mita 140. Mkimbio 1, pumziko mara 3 ya muda aliotumia, mikimbio 4. Wiki ya 5 pumziko liwe mara 2 na mikimbio 6. Katika kila pumziko arushe mitupo huru 2, maana kwenye mechi ataitupa akihema vilevile. Mtu akianza kugusa mstari huku goti linalalia ndani, kwake zoezi limeisha siku hiyo.

Msichana anayechoka mapema kuliko wenzake wiki baada ya wiki, hasa mwenye hedhi nzito, apelekwe kupima damu kabla ya kuitwa mvivu. Maharage, dagaa na mchicha vinasaidia, vikiliwa na chungwa au limau; chai isogezwe mbali na mlo kwa sababu huzuia madini ya chuma yasifyonzwe.

Wiki ya 6 punguza wingi kwa nusu, kasi ibaki. Chezeni mechi moja kamili yenye mwamuzi na saa, siku 4 au 5 kabla ya safari. Mwenye goti lililovimba asiingie hata dakika moja, awe nani katika timu.