Mzingo na eneo: msiuziwe mbuzi kwenye gunia

Dhana inayokula pesa za watu huku kwetu, kuanzia Kisauni mpaka Mtwapa, ni hii ya ati ploti mbili zikiwa na ukubwa sawa basi hata fensi zake ni sawa. Uongo. Chukua ile ya futi 50 kwa 100 tunayoijua sote, eneo ni futi za mraba 5,000 na mzingo ni 50+100+50+100, yaani futi 300. Sasa kuna zile nyembamba ndefu, 25 kwa 200, eneo ni lile lile 5,000 lakini ukiizunguka unapata futi 450! Hizo 150 za ziada ni seng'enge na nguzo, na fundi hafanyi bure yakhe. Mstatili unaokula fensi kidogo kuliko yote kwa eneo hilo ni mraba, kila upande futi 70.7 hivi, mzingo kama 283.

Nyingine watu hubishana mpaka kahawa inapoa: kona ikimegwa, mzingo lazima upungue. Mega kipande cha 10 kwa 20 kwenye kona ya ile 50 kwa 100, eneo linashuka hadi 4,800 ila fensi bado ni 300, manake pande zilizotoka nje zimerudi kwa ndani na urefu ule ule. Huamini, chora uhesabu. Ukiikata kwa mshazari lakini, hapo ndo unapungua kweli.

Ukizidisha pande zote mara mbili je? Mzingo mara mbili, eneo mara nne, bas.

Wanafunzi nao wakiona pembetatu tu mbio kwa kitako na kimo, hiyo ni ya eneo jamani, mzingo ni kujumlisha pande tatu, 3 na 4 na 5 ni 12. Nusu duara ya kipenyo sm 14 ndo balaa, mtu anachukua 44 ya duara zima (22/7 mara kipenyo 14), anagawa kwa mbili, anaandika 22 anaondoka, ule mstari ulionyooka kauacha, jibu ni 36.

Halafu 22/7 sio pai yenyewe (ile namba unayozidisha na kipenyo upate mzingo wa duara), ni makadirio, na Archimedes, yule mwanahisabati Mgiriki, alishaonyesha kabla ya Kristo kuwa pai iko chini kidogo ya hapo. Lakini kwa tangi la kipenyo cha mita 7, 22/7 inakupa mzingo wa mita 22 na pai kamili inakupa 21.991, tofauti haifiki hata sentimita moja, kwa hiyo tumia tu.