Alama ya Kidole Haigeuki Mali ya Benki

Wateja wengi nchini Kenya hudhani kwamba mtu akishabonyeza kidole kwenye mashine ya benki siku ya kufungua akaunti, alama hiyo huwa mali ya benki, nayo inaweza kuitumia ipendavyo. Sivyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huihesabu alama ya kidole kuwa data nyeti, huitaka benki ieleze sababu ya kuichukua, na pale benki inapodai kwamba mteja aliridhia, mzigo wa kuthibitisha ridhaa hiyo ni wake yenyewe. Mteja anaweza kuiondoa ridhaa wakati wowote, ingawa (na hapa wengine hukosea kwa upande wa pili) benki yaweza kubaki na kumbukumbu ambazo sheria nyingine zinailazimu kuzitunza.